Kioo cha Kompyuta Kinaposumbua: Kagua Kiendeshi Kabla ya Kulipia Kipuri

Mlaji anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, iwe Tanga mjini, Muheza au Pangani, huweza kukutana na kero hii: maandishi yanatokea makubwa kupita kiasi, video zinakwamakwama, au kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde chache na kurejea. Akiambiwa kwamba kioo kimekufa, tunamshauri atambue kwanza kama kasoro imo katika kifaa au katika programu. Kasoro ya kifaa hudai kipuri. Ya programu aghalabu huondolewa nyumbani kwa gharama ya kifurushi cha intaneti tu.

Kiendeshi ni nini?

Kiendeshi, ambacho mafundi hukiita draiva, ni programu inayofikisha maagizo ya Windows kwa kadi ya picha. Kikikosekana, Windows hutumia kiendeshi cha msingi ambacho huonyesha picha lakini hakitumii uwezo wa kadi. Kiendeshi huweza kuharibika umeme unapokatika wakati kinasasishwa, au kukosekana pale Windows inapowekwa upya bila kiendeshi cha modeli husika.

Jaribio la kutofautisha

Washa kompyuta na utazame nembo ya mtengenezaji, inayotokea kabla ya Windows. Wakati huo kiendeshi bado hakijaanza kazi. Mistari au madoa yakionekana hapo, kasoro imo katika kifaa. Unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI: picha ya televisheni ikiwa safi, shuku kioo au waya wake, ikiwa mbovu vilevile, shuku kadi. Nyumba zilizo karibu na bahari zizingatie pia kwamba hewa ya chumvi hutia kutu viunganishi vya ndani.

Nembo ikiwa safi na matatizo yakaanza ndani ya Windows, shuku kiendeshi kwanza.

Hatua za kufuata

1. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Kiendeshi huanzishwa upya bila kufunga kazi zako.

2. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta jina Microsoft Basic Display Adapter, kiendeshi cha kadi yako hakijawekwa.

3. Tatizo likiwa limeanza baada ya kusasisha, bofya mara mbili jina la kadi, fungua sehemu ya Driver na uchague Roll Back Driver ili urejeshe toleo la awali.

4. Kiendeshi kikikosekana, kitafute kupitia Windows Update au tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, kwa modeli iliyoandikwa chini ya kompyuta. Faili laweza kufikia mamia ya megabaiti, basi hakikisha kifurushi kinatosha na betri imejaa.

Jihadhari na programu zinazojitangaza kusasisha viendeshi vyote bure. Baadhi yake hutangaza kasoro zisizokuwepo, kisha hudai malipo.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Kompyuta ikihitaji fundi, omba aandike kasoro aliyoiona na bei kabla ya kuifungua, na udai risiti pamoja na kipuri kilichotolewa. Unaponunua kompyuta, fungua Device Manager ukiwa bado dukani. Jina la kadi likilingana na maelezo ya muuzaji, lipa na uhakikishe risiti imetaja modeli. Lisipolingana, mwombe muuzaji aweke kiendeshi sahihi mbele yako kabla hujatoa fedha.