Fahamu: Mto Umba unavyokatiza masomo Vanga

Mafuriko ya masika ya 2024 yaliahirisha kufunguliwa kwa shule kote Kenya, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Lakini Vanga, kusini kabisa mwa Kwale, maji hayangoji tangazo la wizara. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania. Mvua kubwa ikinyesha huko, mafuriko huteremka mpaka huku pwani.

Daftari likilowa, kurasa hushikana na wino huchuruzika: kazi ya muhula mzima imekwenda. Familia zilizohamishwa na mafuriko zikihifadhiwa madarasani, masomo husimama. Kwa hiyo mahema ya kusomea yaandaliwe kabla ya masika, si baada. Nawe mzazi, weka vitabu na cheti cha kuzaliwa kwenye ndoo yenye mfuniko, juu darini.