Wimbo wa Ukarimu na Matata Yaliyo Chini Yake

Hakuna askari wa Jinja wala polisi wa Mbale asiyeujua wimbo "Jambo Bwana". Umepigwa katika kantini, katika harusi na katika mabasi ya kwenda Tororo, na hata wale ambao Kiswahili chao kimeishia kwenye gwaride huuimba pasipo kukwama. Ni wimbo mwepesi: gitaa lenye kurukaruka, salamu, ukarimu kwa mgeni, kisha hakikisho kwamba mambo ni shwari. Leo twaomba kuutazama kwa jicho la pili, kwani chini ya kicheko chake mna jambo.

Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, vijana wa pwani ya Kenya waliokuwa wakiwatumbuiza watalii katika mahoteli, ukatolewa mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M la Ujerumani liliurekodi upya, nalo likaliweka neno "hakuna matata" katika jina la wimbo. Lakini uangalieni mwaka wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali. Redio ikatekwa, maduka ya Nairobi yakaporwa, watu wengi wakafa. Huku kwetu Uganda vita vya Luwero vilikuwa vikiendelea. Santuri iliyomwambia mgeni asiwe na wasiwasi ilizunguka katika nchi zilizojaa wasiwasi. Hatudai kwamba mtunzi alikusudia kejeli. Yeye alikuwa kazini, akimkaribisha mteja. Kejeli iliongezwa na majira.

Na Kiswahili chenyewe kina la kusema. Mswahili wa Mvita hamwamkii mwenziwe kwa "jambo" tupu. Husema "hujambo", naye hujibiwa "sijambo". "Jambo" peke yake ni salamu iliyokatwa mkia ili mgeni aimudu. Nayo matata yatokana na tata, kama uzi uliosokotana. Asemaye kwamba hakuna matata adai kuwa uzi wote umenyooka, na hayo ni madai makubwa kuliko yanavyosikika.

Jinja inaujua uzito wa madai hayo. Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya wenzao wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, askari wa Uganda Rifles waliasi katika kambi ya Jinja wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao walimzuia, hata akayakubali madai yao. Kisha majeshi ya Uingereza yakaitwa. Malalamiko ya namna hiyo hayazaliwi kwa usiku mmoja. Twajiuliza ni asubuhi ngapi mkubwa aliuliza hali, mdogo akapiga saluti na kujibu, "Shwari, afande," na wote wawili wakaridhika kwa kuwa jibu lilikuwa tamu.

Watu wa Mbale, kwa upande wao, hawahitaji kufundishwa kwamba ngoma ya furaha yaweza kuwa na kisu ndani yake. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto. Kadodi hulia, wanawake kwa wanaume hucheza njiani, na kijana aliyepakwa unga huruka mbele yao kwa siku kadhaa. Mgeni husikia sherehe. Kijana husikia saa inakaribia, atakaposimama wima na kutahiriwa mbele ya umati bila hata kupepesa jicho. Akitetemeka, ukoo mzima umeaibika.

Tena salamu yao ni "mulembe", yaani amani. Tofauti na ule wimbo, salamu hiyo haimwarifu mtu kwamba amani ipo. Askari wa zamu akisimamisha gari usiku katika barabara ya Mbale na kusema "mulembe", dereva hana budi kuitikia, na mara nyingi ni sauti ya kuitikia kwake inayomwambia askari kama buti lifunguliwe.