Je, Wajua? Solfa, pambio na machozi ya Jumapili

Je, wajua kuwa wimbo unaowaunganisha walokole wa Ngara, Biharamulo, Kigali na Kampala hauko katika lugha ya wengi wao? Ni "Tukutendereza Yesu". Maneno ni Kiganda, na asili yake ni wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulikuja nao mpaka Katoke, huku kwetu Kagera, kabla muongo ule haujaisha, na kila ulipopita watu waliuacha na Kiganda chake. Ukitaka kujua nguvu yake, tazama unapopandishwa. Mtu anasimama mbele ya ushirika anatubu waziwazi, labda kahawa aliyoiba, labda jirani aliyemnunia miaka miwili. Kabla hajakaa wenzake wameshaanza kuimba na kumkumbatia. Hakuna anayetamka kwamba amesamehewa, wimbo umeshasema. (Ushuhuda ukirefuka kupita kiasi, wimbo huohuo humkalisha mtu bila kumwaibisha. Mimi nimeuona katika kazi hii ya pili mara nyingi zaidi.)

Je, wajua kuwa kwaya nyingi za vijijini hazisomi nota za mistari mitano, bali herufi? Solfa, yaani d, r, m, f, s, l, t, ilibuniwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na mchungaji John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wa kawaida waweze kuimba wimbo wasioujua.

Jumamosi moja, upande wa Rulenge, nilikaa nyuma ya kanisa kusikiliza mazoezi. Ubao ulikuwa umejaa herufi na nukta mbilimbili. Umeme hakuna, kwa hiyo kinanda nacho kimya. Mwalimu akaguna do, akawagawia: besi do ya chini, sauti ya tatu so, ya pili mi, ya kwanza do ya juu. Mara nne walikwama palepale, sauti ya tatu ikiteleza kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kuharibu wimbo wote. Mara ya tano sauti zikakaa. Mama mmoja wa sauti ya pili akafunga daftari na kujisugua mikono kama aliyepigwa na baridi. Malaika yalikuwa yamemsimama. Kiswahili kiliwahi hapa: vinyweleo laini vya mwilini tunaviita malaika.

Je, wajua kuwa msisimko ule una kemikali yake? Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kuwa ubongo hutoa dopamini mtu anaposisimkwa na muziki, na kwamba eneo moja la ubongo huanza kuitoa kabla kilele hakijafika, wakati msikilizaji bado anakingojea. Huenda ndiyo maana kiitikio unachokijua kwa moyo hukutoa machozi katika ubeti unaokitangulia.

Na mioyo? Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg, Sweden, walipima wanakwaya wakakuta mapigo ya moyo yakipanda na kushuka pamoja. Hakuna uchawi: wanaoimba sentensi moja huvuta pumzi mahali pamoja, na pumzi huuongoza moyo.

Je, wajua kwa nini nyimbo nyingine za kutafsiriwa hukaa mdomoni kama kiatu cha kuazima? Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi. Tuni nyingi za Kiingereza humalizia mstari kwa pigo zito, na pigo hilo linamwangukia "zi" asiye na kosa. Katika Kihangaza shida ni nyingine, maana lugha hiyo ina toni kama ndugu yake Kirundi. Kwa Warundi "inda" ni tumbo, na kwa toni nyingine ni chawa. Mtunzi asiyejali hilo ataimbisha waumini jambo ambalo hakulikusudia.

Je, wajua kuwa kunyamaza nako ni muziki? Katika makanisa ya Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, kama kwa Wakatoliki wote wa Kilatini, Aleluya haiimbwi Kwaresima nzima. Baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele nazo hunyamaza mpaka mkesha wa Pasaka. Zinaporudi usiku ule, hata aliyekuwa anasinzia anashtuka na kutabasamu. Ingekuwa zinalia kila siku, nani angeshtuka?

Na ngoma katika Misa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kabla ya hapo alikuwa ameshatunga "Misa Baba Yetu".

Je, wajua kuwa Kagera husafirisha nyimbo pia? "Njoo kwetu, Roho mwema" ni wa mchungaji Wilson Niwagila, Mlutheri wa Kagera, na leo uko ndani ya vitabu vya nyimbo vya Marekani. Wajerumani nao kila Pasaka huimba "Mfurahini, Haleluya" wa Mtanzania Bernard Kyamanywa. Waliotuletea vitabu vya nyimbo sasa wanaimba nyimbo zetu.

Wapo pia walioutilia muziki shaka. Askofu Agustino wa Hippo, Mwafrika wa karne ya 4 na ya 5, alikiri kuwa aliona hatia kila uimbaji ulipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Zürich, miaka ya 1520, wanamageuzi waliondoa muziki ibadani kabisa. Sidhani kama wangemaliza dakika kumi kwenye mkesha wa Biharamulo.

Je, wajua kuwa mpangilio peke yake hugeuza mwili? Kwenye kusifu na kuabudu, mapambio ya haraka hutangulia na ya taratibu hufuata: watu huanza kwa jasho na kumaliza kwa machozi. Nyimbo zilizofuata nyayo za muziki wa Kongo huenda kinyume: beti za taratibu kwanza, kisha sebene, ile sehemu ya haraka ya kucheza. Hapo hata mzee wa kanisa anaweka Biblia chini.

Tenzi ileile hubadilika msibani. Jumapili inaenda na kinanda. Usiku wa kilio haina ala yoyote, inaburutwa, kila mwisho wa mstari unavutwa mpaka pumzi zinakwisha. Kisha, saa kumi za usiku, utasikia mtu mmoja ameikazia mwendo na wengine wamempokea kwa makofi. Nilimuuliza bibi mmoja kwa nini wanafanya hivyo. Akasema, "Mwanangu, usingizi."