Kabla Upige Kelele Bukhungu: Hivi Ndivyo Timu ya Shule Hutengenezwa Kakamega

Kama umewahi kukaa pale Muliro Gardens Jumamosi mchana, ama kwa kinyozi yeyote Amalemba, unajua stori haikawii kufika kwa ball ya shule. Mmoja anaapa Green Commandos wamepata straika noma kutoka mashinani. Mwingine, Musingu damu, anacheka mpaka kofia inaanguka: "Hao watoto wenu tutawapiga tena." Wa tatu hajasoma shule yoyote kati ya hizo mbili lakini ndiye anapiga kelele kuliko wote.

Sasa, swali ambalo watu hawaulizi sana ni hili: hawa wachezaji hutoka wapi? Nani anawaleta, nani anawalipia karo, na kwa nini kikosi cha mwaka huu kinakaa tofauti na kile ulichozoea? Kaa hapo nikufungulie form nzima.

Kwanza elewa hii ngoma

Kakamega High ni shule ya kutoka 1932. Leo ni Kakamega School kwa karatasi, lakini mtaani bado ni Kakamega High. Jina la Green Commandos lilianza kutisha watu kitambo, haswa enzi za kocha Chris Makokha, wakati ball ya shule za upili ilikuwa ikijaza uwanja kuliko ligi zingine. Upande wa Ikolomani kuna Musingu, Scorpions wenyewe. Hizi mbili zikikutana, hata mama mboga anafunga kibanda mapema, na isukuti zinalia kama kuna harusi.

Mashindano yenyewe yako chini ya chama cha michezo ya shule za sekondari, KSSSA. Ball huchezwa muhula wa pili. Unaanza zoni, unaenda kaunti ndogo, kaunti, halafu kanda ya Magharibi ambako unapatana na Bungoma, Busia na Vihiga. Ukitoka hapo na kombe, unaenda kitaifa. Ukifanya poa kitaifa, unaingia michezo ya Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo Agosti 2025 iliandaliwa hapa hapa Kakamega.

Sasa cheki mahali kuna uchungu. Musingu na Green Commandos wako kaunti moja, na kawaida bingwa wa kaunti ndiye huendelea. Kwa hivyo timu mbili ambazo zingeweza kufika mbali kitaifa zinauana nyumbani, na moja inarudi shule kusoma Kemia kabla hata basi ya Bungoma haijafika. Ndiyo maana mashabiki wa huku huongea kuhusu mechi ya kaunti kana kwamba ni fainali ya dunia. Kwao ni kama fainali kweli.

Mbinu: si kupiga chenga tu

Kitaifa, timu zinagawanywa makundi mawili. Unacheza mechi tatu za kundi, halafu nusu fainali, halafu fainali. Hiyo yote inaisha ndani ya wiki moja hivi. Mechi karibu kila siku, jua kali, na maboy wa miaka kumi na saba wanaolala darasani kwa magodoro ya kubeba.

Ukiangalia hiyo ratiba utaelewa kwa nini kocha mjanja hawazii wachezaji kumi na mmoja. Anawazia kumi na wanane. Straika wako matata akicheza dakika zote za kundi, siku ya nusu fainali miguu ni mbao. Kwa hivyo timu zinazofika mbali ni zile ziko na benchi, zile zinajua kufunga mipira ya kutenga, na zile kipa wao hatetemeki kwa penalti. Soka safi ya pasi mia inapendeza, lakini kwa uwanja wenye mabonde, kona moja nzuri inakutoa jasho kidogo na inakupa bao.

Na benchi haiokotwi kwa barabara. Benchi inawindwa.

Vile uwindaji hufanyika

Zamani mwalimu wa michezo alikuwa anaenda michezo ya shule za msingi, anasimama kando ya uwanja na kijitabu kidogo, anaandika jina la kijana wa darasa la nane. Leo anaenda michezo ya shule za junia, Gredi ya 7 hadi ya 9. Anaenda pia vile vikombe vya Disemba vya vijijini, ambapo zawadi ni mbuzi ama jezi, na wachezaji nusu wako pekupeku. Wazee waliosoma shule hiyo ndio macho yake. Mmoja anapiga simu kutoka Lurambi, mwingine kutoka Shinyalu: "Mwalimu, kuna kijana huku, kuja umwone kabla watu wa Kitale wafike."

Usidharau hiyo hofu ya Kitale. St. Anthony's, Solidarity Boys, wanavua samaki maziwa yote. Na ukivuka mpaka, shule kama St. Mary's Kitende ya Uganda zinatoa nafasi za masomo kwa wachezaji waziwazi, na zinakuja FEASSSA na vikosi vinavyokaa kama klabu.

Kinachomvuta kijana ni karo. Karo rasmi ya bweni kwa shule za kitaifa imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Kwa familia inayouza mboga na kukata miwa ya watu, hiyo ni mlima. Kocha akisema "huyu tutamsaidia", mathe analia machozi ya furaha. Hapo mguu wa kushoto wa mtoto umekuwa shamba la familia.

Na si ndoto tupu. Victor Wanyama na McDonald Mariga walipitia ball ya shule pale Kamukunji High, Nairobi, na baba yao Noah alikuwa mchezaji wa AFC Leopards. Hapa nyumbani tuko na Kakamega Homeboyz, ambao msimu wa 2021/22 walipoteza ligi kwa Tusker kwa tofauti ya mabao, halafu 2023 wakabeba kombe la FKF na kuingia mashindano ya Afrika. Kijana wa Kakamega siku hizi hahitaji kwenda Nairobi ndio aonekane.

Mwaka huu mambo yamebadilika, na wengi hawajanotice

Hii ndiyo sehemu nataka uelewe vizuri, ndio ukienda kubishana usiaibike.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Hao ndio waliingia Form One 2024. Mwaka wa 2025 hakukuwa na Form One kabisa, kwa sababu darasa la kwanza la mtaala mpya lilikuwa bado Gredi ya 9. Maanake timu zote za sekondari zilicheza 2025 bila damu mpya. Januari 2026 ndio Gredi ya 10 wakaingia.

Fanya hesabu. Zamani kijana alikuwa na misimu minne: Form One anabeba mipira, Form Two anakaa benchi, Form Three anaanza, Form Four ni kapteni. Shule ya upili mpya ni miaka mitatu. Mwaka mmoja umekatwa, na ni ule mwaka wa kujifunza pole pole.

Lakini kuna upande mwingine. Mtoto wa Form One alikuwa anakuja mdogo kabisa. Huyu wa Gredi ya 10 anafika kama mwili umeshaanza kujaza jezi. Kocha anaweza kumtumia mapema. Kwa hivyo vita vya uwindaji vimehamia chini, kwa shule za junia. Shule ambayo haina mtu wa kuangalia michezo ya Gredi ya 8 leo, itashtuka 2028.

Pia kuna ile mikondo mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Watu wengi wanafikiria ukitaka kuchezea shule lazima uwe mkondo wa michezo. Zii. Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kuvaa namba tisa vizuri tu. Mkondo ni masomo unayofanya darasani, timu ni ya shule nzima. Na si kila shule iko na mkondo wa michezo. Kwa hivyo mzazi, usichague shule kwa sababu ya jezi halafu ukute somo mtoto anataka halipo.

Kitu kingine: mwanafunzi anachagua shule akiwa Gredi ya 9, halafu serikali inampanga. Kocha hawezi kuchukua majina kumi na kuyaingiza kama zamani. Lazima amshawishi kijana na mzazi mapema waweke shule yake kwa fomu, halafu waombe Mungu.

Stori ya Namba Nane

Hapa sasa niache mzaha kidogo. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hii mada inanigusa.

Kijijini kwetu kulikuwa na beshte yangu, nitamuita Namba Nane. Kiungo mtamu. Alipomaliza darasa la nane, mwalimu wa michezo wa shule fulani alikuja mpaka kwao, akanywa chai kwa ndizi, akamwambia mamake, "Mama, huyu kijana niachie mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa kandarasi. Chai na neno.

Miaka miwili mambo yalikuwa shwari. Form Three, goti likaenda. Muhula uliofuata shule ikapata mwalimu mkuu mpya, na yule wa michezo akahamishwa. Mwalimu mkuu mpya alifungua daftari, akaona kijana mwenye deni la miaka. Hakuna barua, hakuna sahihi, hakuna mtu wa kusema "huyu alitubebea kombe". Namba Nane alifanya KCSE akitembea kwa kuchechemea, na cheti chake kikabaki kwa kabati ya shule kwa sababu ya deni.

Mjomba wake ndiye alimtoa. Alisikia kwamba sheria ya KNEC ya 2012 hairuhusu mtu yeyote kuzuia cheti cha mtahiniwa. Akaenda na hiyo nakala mkononi, bila matusi, akakaa hapo mpaka cheti kikatoka. Leo Namba Nane anaendesha nduthi, na jioni anafundisha watoto wa mtaa ball.

Huko Marekani, wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata pesa kwa majina yao tangu Julai 2021, na 2025 vyuo vikapewa ruhusa ya kuwalipa moja kwa moja. Huko kuna mawakili na makaratasi. Sisi hatuko hapo na si lazima tufike. Lakini hata karatasi moja?

Ukiletewa ofa, uliza haya

Kama wewe ni mzazi, ama ni wewe kijana unasoma hii kwa simu ya brathe, kocha akija nyumbani mpe chai, halafu uliza.

Karo inalipwa yote ama nusu, na nani analipa: shule, wazee wa shule, ama mfadhili? Akiumia, nani anagharamia hospitali, na je, msaada wa karo unaendelea? Mwalimu mkuu akihamishwa, ahadi inabaki? Basi iandikwe, ipigwe mhuri, nakala moja ibaki kwenu. Akikosa masomo ya wiki nzima akiwa mashindano, nani anamfidia? Na cheti cha kuzaliwa, kiwe cha ukweli. Kupunguza umri ndio timu nzima inatupwa nje kwa rufaa moja, na maboy ishirini wanalia kwa sababu ya mmoja.

Kocha mzuri hatakasirika. Atafurahia, kwa sababu mzazi anayeuliza ndiye mzazi atakayekuja mechi.

Sasa nenda Bukhungu. Uwanja huu uliwahi kuona Harambee Stars wakianza CECAFA ya 2017 kwa kuinyuka Rwanda 2-0, na mwishowe Kenya ikabeba kombe. Siku ya Green Commandos na Musingu, piga kelele mpaka sauti ikauke, tukana refa kidogo, cheza isukuti. Lakini ukiona namba nane anaanguka akishika goti na hasimami haraka, nyamaza kidogo. Halafu mechi ikiisha, ukikutana na mwalimu mkuu pale getini, muulize karo ya yule kijana iko vipi.