Oili ya Pikapu: Usihesabu Kilomita Peke Yake

Msomaji, endapo familia yako ina pikapu, yumkini pikapu hiyo si chombo cha matembezi. Alfajiri hupakia ndizi Mabibo, mchana hubeba saruji na nondo hadi Mbagala, na jioni huhamisha vitanda na makabati ya mpangaji aliyepata chumba kipya. Ada za shule, kodi ya nyumba na dawa za mzee hutoka katika hesabu ambayo dereva huileta kila siku. Kwa hiyo swali la oili ibadilishwe baada ya muda gani si la mafundi pekee; ni la nyumba nzima. Injini ikinoki leo, hesabu hukatika leo hii hii, wala mwenye nyumba hatasubiri mpaka fundi amalize kuifungua na kuifunga upya.

Ajabu ni kwamba jambo dogo kama hili halina jibu moja mitaani. Fundi wa gereji atakwambia kilomita 3,000. Kitabu cha gari, kama bado kimo ndani ya dashibodi, mara nyingi husema 5,000 kwa injini za dizeli za zamani na 10,000 kwa nyingi za siku hizi. Muuza oili ya bei kubwa atakuapia kwamba yake itafika 10,000 katika gari lolote. Na dereva wako, ukimwuliza, atakujibu kwamba oili hubadilishwa inapokuwa nyeusi. Kila mmoja wao ameshika sehemu ya ukweli, isipokuwa huyu wa mwisho.

Tuanze na kazi yenyewe. Watu wengi hudhani oili ni kilainishi tu, kitu cha kuzuia chuma kisisuguane na chuma. Hiyo ni kweli, lakini oili hiyo hiyo hupoza sehemu ambazo maji ya radieta hayafiki, huziba mwanya mwembamba kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, hubeba masizi yatokanayo na mafuta yanayoungua, na hupunguza nguvu ya asidi ambazo zingekula beringi kimya kimya. Kiwandani huchanganywa na dawa za kufanya kazi hizo. Dawa hizo huisha. Siku zinapokwisha, oili bado imo ndani, kijiti cha kupimia bado kinaonyesha imejaa, na injini bado inanguruma. Lakini kinachozunguka humo ndani ni uji wa masizi usio na kinga.

Hapo ndipo linapozuka kosa la kuhesabu kilomita peke yake. Kilomita hupima umbali ambao magurudumu yamekwenda, hali oili huchakaa kwa kazi ambayo injini imefanya. Mambo hayo mawili hulingana katika barabara kuu, na huachana kabisa mjini.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Pikapu inayosafiri barabara kuu kwa mwendo wa wastani wa kilomita 65 kwa saa humaliza kilomita 5,000 katika saa 77 hivi. Pikapu ya mjini, yenye foleni ya Buguruni, kusimama sokoni injini ikiunguruma na kupenya vichochoro, huenda wastani wake usizidi kilomita 15 kwa saa. Hiyo itahitaji zaidi ya saa 330 kumaliza kilomita zile zile 5,000. Trekta, ambayo haihesabiwi kilomita bali saa, aghalabu huwekewa saa 250 kati ya oili moja na nyingine. Maana yake pikapu yako ya mjini, inayoonekana kutembea kidogo, hudaiwa ifanye kazi kwa oili moja kwa muda unaopita ule wa trekta shambani.

Sisemi kwamba saa zote ni sawa. Saa moja ya kusimama kwenye taa haiichoshi oili kama saa moja ya kupanda Kitonga na tani moja mgongoni. Lakini safari fupi zina adha yake. Injini isiyopata joto la kutosha haiyaunguzi mafuta yote. Mengine huteremka pembeni mwa pistoni na kuingia katika oili, yakaifanya nyepesi. Unyevu nao hujikusanya humo badala ya kukauka. Ongeza vumbi la barabara zisizo na lami na mzigo unaozidi kiasi, na utaelewa kwa nini vitabu vya watengenezaji huwa na mistari miwili: mmoja wa matumizi ya kawaida na mwingine wa matumizi magumu, ambao mara nyingi huwa nusu ya ule wa kwanza. Wenye magari husoma mstari wa kwanza. Pikapu ya mizigo mjini ni ya mstari wa pili.

Basi, kipimo kizuri ni kipi? Kwa maoni yangu, kwa familia isiyo na vyombo vya kisasa, kipimo bora ni mafuta yaliyochomwa. Kila lita ya dizeli inayoungua ndani ya injini huacha masizi na asidi zake, gari likiwa linakwenda au limesimama. Isitoshe, pikapu nyingi za zamani mita yake ya kilomita ilikwisha kufa, lakini hakuna mwenye gari asiyejua amenunua mafuta kiasi gani.

Tuseme pikapu ya dizeli ya miaka ya 1990, ambayo kitabu chake kinataja kilomita 5,000, inakwenda kilomita 10 kwa lita moja barabara kuu. Humaliza lita 500 kati ya oili moja na nyingine. Gari hilo hilo likiwa mjini na mzigo, likienda kilomita 6 kwa lita, litachoma lita 500 likifika kilomita 3,000. Unaona sasa kwamba fundi wa gereji hakuwa akikutafutia fedha alipotaja 3,000! Ikiwa pikapu yako hunywa lita 12 kwa siku na kufanya kazi siku sita kwa wiki, lita 500 zitakwisha baada ya wiki saba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo, lifungwe kwa uzi ndani ya gari. Kila mafuta yanapotiwa, ziandikwe tarehe na lita. Jumla ikifika 500, gari liende gereji. Kwa pikapu ya petroli, au mpya ambayo kitabu chake kinataja 10,000, sioni ubaya wa kubadilisha kila 5,000 ikiwa inafanya kazi ya mjini. Na ikiwa pikapu imelala nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kesi, isiachwe na oili moja zaidi ya miezi sita, kwani oili huzeeka hata pasipo kazi. Aliyenunua gari lililotumika, liwe la kutoka Japani au la jirani, abadilishe oili na filta siku hiyo hiyo. Maneno ya muuzaji juu ya oili mpya hayapimiki kwa kijiti.

Kuna jambo moja ambalo hesabu peke yake hailitatui. Pikapu za biashara nyingi zina watu wawili, na kwa upande wa oili hazina mwenyewe. Tajiri huiona hesabu, haoni injini. Dereva huiona injini, lakini kila shilingi anayoitumia gereji, na kila saa anayoipoteza huko, hutoka katika riziki yake ya siku ile, kwani hesabu haipungui. Utamlaumuje akisema ataipeleka wiki ijayo? Dawa yake si matusi. Patana naye tangu mwanzo kwamba siku ya oili haina hesabu, au ina nusu, na kwamba oili na filta unanunua wewe. Familia nyingi hushindwa kusamehe hesabu ya siku moja, kisha hupoteza ya miezi miwili.

Sasa turudi kwa dereva na weusi wake. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa mpya. Weusi huo ni masizi yaliyoshikwa na dawa za kusafishia, maana yake oili inafanya kazi. Kwa hiyo rangi hiyo haikwambii kitu. Rangi ya kukuogofya ni ile ya chai ya maziwa, kwa sababu hiyo ni dalili ya maji yaliyoingia, pengine kwa gasketi iliyoungua. Vile vile, ukipima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na kuona oili imepanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, usifurahi. Mafuta au maji yamo humo. Nayo taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo. Taa hiyo inasema msukumo wa oili umepotea, na injini haiwezi kuusubiri mpaka ufike gereji.

Kuongeza oili si kubadilisha. Wako wanaoongeza nusu lita kila wiki, mwaka mzima, wakijiridhisha kwamba injini imekwisha kunywa oili mpya ya kutosha. Masizi ya zamani bado yamo, na filta iliyojaa hufungua mlango wake wa dharura ikaiachia oili ipite bila kuchujwa. Filta ibadilishwe kila mara. Oili imwagwe ikiwa vuguvugu, maana hapo hutoka pamoja na uchafu wake.

Kuhusu aina, fuata kitabu. Kwa dizeli nyingi za zamani 15W-40 hufaa, mradi kopo lina alama za daraja la dizeli, ambalo huanza na herufi C. Pikapu mpya zenye kichujio cha masizi katika bomba la moshi zahitaji oili yake maalumu. Oili ya kawaida iliyo halali, ikibadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko ya bei kubwa iliyopitishiwa muda. Nimesema halali kwa sababu makopo matupu hukusanywa na kujazwa oili chafu iliyochujwa. Nunua lililofungwa, na ukimaliza litoboe.

Oili iliyotoka isimwagwe mtaroni, kwani mitaro yetu huelekea Msimbazi na baharini. Wengi huipaka mbao kuzuia mchwa. Wafanyao hivyo wavae glavu, kwa sababu kuigusa mara kwa mara hudhuru ngozi. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, irudishwe gereji inayowauzia wakusanyaji. Na isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja, katika nyumba yenye watoto.