Safari ya Neno "Kitabu" na Sarufi za Lugha za Walimwengu

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, mjukuu wangu anayejifunza Kiarabu alilifunga daftari lake kwa hasira akasema: "Babu, Kiarabu kina sarufi, na Kiingereza kina sarufi. Hiki Kiswahili chetu hakina. Mtu husema apendavyo na akafahamika." Bibi yake, mzaliwa wa Bukoba, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihaya, akamwuliza, "Na Kihaya, je?" Kijana akacheka. "Hicho, bibi, ndicho kabisa hakina." Yule bibi hakujibu neno. Lakini tangu usiku ule akawa hasemi tena Kihaya mbele ya wajukuu wake, hata kwa kuwabembeleza wadogo walale.

Maneno ya kijana yule si yake peke yake. Yanasemwa katika nyumba nyingi, na aghalabu huwa watoto wameyaokota kwetu sisi wazee. Ndiyo maana nimeona vema kuyachunguza, tuone kama ni kweli kwamba ziko lugha zenye sarufi na lugha zisizo na sarufi.

Kwanza tuulize, sarufi ni kitu gani? Watu wengi hudhani ni kile kitabu cha shule chenye majedwali. La, kitabu kile ni khabari ya sarufi tu, kama ramani ilivyo khabari ya nchi, na nchi ilikuwapo kabla ya ramani. Sarufi ni kanuni ambazo kila msemaji anazo moyoni tangu utoto, ajue kusoma au asijue. Mwambie mtoto asiyeanza shule, "Vitabu changu kimepotea," naye atakucheka, kisha atakusahihisha: "Vitabu vyangu vimepotea." Ni nani aliyemfundisha? Hapana mwalimu aliyekaa naye. Ameipata sarufi pamoja na maziwa ya mama yake.

Sasa na tulichukue neno hili moja, kitabu, tufuatane nalo safarini. Kwa Kiarabu ni kitab, nalo limejengwa juu ya herufi tatu, kaf, ta na ba, ambazo ndani yake mna maana ya kuandika. Vikiwa viwili, Mwarabu husema kitabani. Vikiwa vitatu au zaidi, husema kutub. Kumbe hesabu ya Kiarabu si umoja na wingi tu, bali kuna na uwili kati yao.

Neno hili lilitoka Bara Arabu pamoja na dini, elimu na biashara, likaingia katika lugha za mataifa mengi. Je, mataifa hayo yalichukua na wingi wake, kutub, yakautegemea huo peke yake? Hasha. Kila lugha ililivika neno mavazi ya kwao. Mwajemi husema ketabha. Mturuki husema kitaplar. Msemaji wa Kiurdu husema kitaben. Mmalai, ambaye huliweka neno hili hasa kwa vitabu vya dini, hulitaja mara mbili: kitab-kitab. Mhausa alilipokea pamoja na al ya mbele yake, likawa littafi, na wingi wake littattafai.

Na sisi Waswahili tulifanya nini? Tulisikia ki mwanzoni mwa neno, tukaiona kuwa ni ile ki ya kisu, kiti na kikombe. Kwa Mwarabu kaf ile ni mzizi wa neno, haiondoleki. Kwetu sisi imekuwa kiambishi, nasi twaiondoa na kuweka vi: vitabu. Hata neno la Kiingereza linalowaamuru madereva wapite kushoto lilipofika kwetu likawa kiplefti, na mara likapata wingi wake, viplefti. Hapana baraza lililokaa kuamua hayo. Ni sarufi ya Kiswahili yenyewe iliyofanya kazi vinywani mwa watu.

Hapa ndipo inapobainika kosa la wale wasemao kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu wa lugha za watu. Maneno ya kigeni ni kama wageni: huja kwa wingi, hukaribishwa, hukaa. Lakini mwenye nyumba ni sarufi, na mgeni hufuata desturi za nyumba. Kiajemi, Kituruki na Kiurdu navyo vimejaa maneno ya Kiarabu, wala hapana mwenye akili asemaye kwamba lugha hizo hazina sarufi.

Tutoke katika neno, twende katika sentensi. Sisi husema, "Mtoto alisoma kitabu": kwanza mtenda, kisha kitendo, kisha kitendwa. Kiarabu fasihi aghalabu hutanguliza kitendo: "Alisoma mtoto kitabu." Kimasai nacho, jirani yetu wa bara, hutanguliza kitendo vivyo hivyo, ingawa hakina udugu wa karibu na Kiarabu. Mturuki na msemaji wa Kiurdu hukiweka kitendo mwisho: "Mtoto kitabu alisoma." Na ng'ambo ya bahari yetu, katika kisiwa cha Bukini, mtenda ndiye anayekuja nyuma ya wote: "Alisoma kitabu mtoto."

Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Joseph Greenberg, alitoa uchunguzi uliolinganisha lugha 30 za mabara mbalimbali, na Kiswahili na Kimasai vilikuwa miongoni mwake. Mwaka 2005 wataalamu wengi walishirikiana kutoa atlasi kubwa ya miundo ya lugha za dunia, ambayo imeendelea kuongezwa. Katika lugha 1,376 zilizotazamwa humo kwa mpango wa maneno, 564 huweka kitendo mwisho baada ya mtenda na kitendwa, kama Kituruki. 488 hufuata mpango wetu. Na 95 hufuata ule wa Kiarabu fasihi. Nyingine chache hufuata mipango mingine, na nyingine hazina mpango mmoja uliotawala. Basi anayedhani kwamba mpango wa lugha yake ndio wa asili na kwamba wengine wamepindua maneno, na ajue kuwa kwa hesabu hii mpango wake si wa walio wengi.

Na tena tofauti hizi si fujo. Greenberg aliona kwamba tabia moja ya lugha huelekea kufuatana na nyingine. Lugha zinazoweka kitendo mwisho, karibu daima neno lenye maana ya "katika" huja nyuma ya jina. Kwa Kiurdu, "nyumbani" ni ghar men, yaani "nyumba katika". Kwa Kiarabu, ambacho hutanguliza kitendo, ni fil-bayt, yaani "katika nyumba". Lugha ambazo wenyewe hawakupata kuonana hufuata taratibu zinazofanana.

Tutazame na jinsi, yaani uume na uke wa majina. Neno lile lile, kitab, ni la kiume kwa Mwarabu na la kike kwa msemaji wa Kiurdu. Jua kwa Kiarabu ni la kike, na mwezi ni wa kiume. Mfaransa amegeuza: jua kwake ni la kiume na mwezi ni wa kike. Mjerumani naye huafikiana na Mwarabu. Kiswahili hakiulizi uume wala uke. Huuliza ngeli, na "yeye" wetu ni mwanamume au mwanamke sawasawa. Ndivyo alivyo na Mturuki, na Mwajemi kadhalika. Katika lugha 257 zilizohesabiwa katika atlasi ile, 145 hazigawi majina yake kwa jinsi wala kwa ngeli. Kwa hiyo kijana wetu akikosea kwa Kiingereza, akamtaja baba yake kwa neno la kike, si upungufu wa akili. Lugha yake haikupata kumdai tofauti hiyo, naye bado hajaizoea.

Neno hili "kudai" ndilo kiini cha jambo. Mwaka 1959 mwanachuoni Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi, alieleza kwamba lugha hazitofautiani hasa katika yale zinayoweza kuyasema, bali katika yale zinayomlazimisha msemaji ayaseme. Mchina anaweza kutaja jana au kesho, lakini kitendo chake hakidaiwi kubadilika kwa ajili ya wakati. Mmalai akisema "sisi" hana budi kuchagua: kita, ikiwa anayeambiwa yumo pamoja nao, kami, ikiwa hayumo. Msemaji wa Kimalagasi naye husema isika au izahay kwa tofauti hiyo hiyo. Kwetu, mtu akisema, "Sisi tumealikwa harusini," aliye mbele yake hana budi kuuliza, "Na mimi je?"

Mturuki naye, akitoa khabari ya jambo lililopita, hana budi kuonyesha namna alivyolijua. Akisema geldi, amesema "alikuja" kama jambo analolithibitisha. Akisema gelmiş, amekuarifu kwamba hakushuhudia; amesikia kwa watu, au amekisia kwa dalili. Sisi nasi twaweza kusema, "Eti alikuja," lakini hiyo "eti" ni hiari yetu. Ikiachwa, sentensi yasimama. Kwa Mturuki tofauti hiyo imo ndani ya kitendo chenyewe. Basi kila lugha ina ushuru wake, na mahali inapotoza huyu, yule hupita bure.

Wanazuoni wetu wa kale waliyajua mambo haya, wala hawakuona haya kuyatafuta. Sibawayh, aliyeandika kitabu kilichokuwa msingi wa nahau ya Kiarabu katika karne ya 8, alikuwa Mwajemi aliyesoma Basra. Mwalimu wake mkubwa, Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, asili yake ni Oman. Na Abu Hayyan, mzaliwa wa Granada mwaka 1256, mjuzi wa Kiarabu na wa tafsiri ya Qurani, alipokaa Cairo hakuridhika na lugha moja. Mwaka 1312 alitunga kitabu juu ya lugha ya Waturuki, na hicho ni miongoni mwa vitabu vya zamani kabisa vya sarufi ya lugha hiyo tulivyo navyo. Hakusema kwamba lugha ile haikuwa na sarufi kwa kuwa haikufanana na Kiarabu. Tena Surat Ar-Rum yahesabu kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Lililohesabiwa kuwa ishara, halifai kufanywa mzaha.

Baada ya kumweleza mjukuu wangu haya, nilimwambia, "Sasa mwulize bibi yako jambo moja. Mwulize namna ya kusema 'tulifunga'." Akaenda, na bibi akamwuliza naye, "Mlifunga lini?" Kijana akashangaa, maana Kiswahili hakikupata kumwuliza hivyo. Kumbe kwa Kihaya, kama mlifunga leo, husemwa twakoma. Kama ni jana, tukomile. Na kama ni kabla ya jana, tukakoma. Nyakati tatu zilizopita, pale ambapo sisi twatosheka na "tulifunga". Mwaka 1977 kulitolewa Los Angeles kitabu kizima juu ya sarufi ya Kihaya, na mwaka 1985 mtaalamu wa Uingereza, Bernard Comrie, alizitumia nyakati hizo tatu kuwa mfano katika kitabu chake juu ya nyakati katika lugha za dunia. Lugha iliyochekwa nyumbani kwetu ilikuwa ikisomwa katika vyuo vya mbali.

Basi, enyi wazazi, yatupasa kujihadhari. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, na nyingi katika hizo zinapungua wasemaji mwaka hata mwaka. Aghalabu lugha haifi kwa kukatazwa na mfalme. Hufa nyumbani, siku mzee anaponyamaza kwa sababu mtoto amecheka. Nanyi vijana, jifunzeni Kiarabu kwa bidii, na Kiingereza pia, lakini muanze kwa kuijua lugha mliyo nayo. Ajuaye kwamba lugha yake ina ngeli hatashangaa kukuta jinsi katika lugha nyingine, na ajuaye kwamba bibi yake ana nyakati tatu zilizopita hatachoshwa na uwili wa Kiarabu.

Mjukuu wangu sasa ana daftari la pili. Juzi nilimsikia akijaribu kumwambia bibi yake khabari ya mzigo walioufunga jana, akasema tukakoma. Bibi akamkatiza: "Sivyo, mjukuu wangu. Hiyo ni ya juzi na ya zamani. Ya jana ni tukomile." Kijana akafuta, akaandika upya.