Baiskeli Yako Inaweza Kufika Butiama

Ndugu msomaji, je, unayo baiskeli nyumbani? Labda ni Phoenix nyeusi uliyoachiwa na baba. Labda unaitumia kubebea mahindi, au kahawa, au madumu ya maji. Ukisimama Tunduma, karibu na mpaka wetu na Zambia, utawaona watu wengi wenye baiskeli kama hiyo. Wanapita katikati ya malori, na mizigo yao imewazidi kimo.

Sasa nakupa habari. Kila mwaka watu hukusanyika Dar es Salaam na baiskeli zao. Wanaendesha siku nyingi mpaka Butiama, mkoani Mara. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Msafara huo unaitwa Twende Butiama. Ulianza mwaka 2019. Miaka kadhaa umefika Butiama karibu na tarehe 14 Oktoba. Ni tarehe aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1999. Butiama ndiko alikozaliwa, na ndiko alikozikwa. Njiani waendeshaji wamekuwa wakipanda miti na kusaidia shule.

Wazee wetu hawatashangaa sana. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Watu wengi walitembea kwa miguu, mkoa hadi mkoa, kuliunga mkono. Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama mwaka huo akaenda kwa miguu mpaka Mwanza. Kwa hiyo kwenda mbali pamoja, kwa nguvu za miguu, si jambo geni katika nchi hii.

Uko na msafara mwingine mrefu zaidi. Huo huanza Cairo, nchini Misri, na kuishia Cape Town, Afrika Kusini. Ulianza mwaka 2003. Ni kama kilomita 12,000, na huchukua kama miezi minne. Kwa miaka mingi umepita Mbeya, kwa jirani zetu, kabla ya kushuka Malawi. Waendeshaji wake wengi ni wageni kutoka nchi za mbali. Si wote ni vijana. Wamo wastaafu wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wana baiskeli nzuri zenye gia nyingi, hilo ni kweli. Lakini miguu yao ni miwili, kama yako.

HAYA SI MASHINDANO

Watu wengi wakisikia neno msafara wa baiskeli hufikiria mbio. Mbio ni jambo jingine. Katika mbio, wa kwanza hupewa zawadi. Katika msafara, wa kwanza humngoja wa mwisho. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliyechoka.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu wa kawaida, kwenye barabara ya lami isiyo na milima mikali, huenda kilomita 14 kwa saa. Akiendesha kwa saa 7, amekwenda kilomita 98. Akianza saa 12 asubuhi, na akipumzika mara tatu, atafika kabla ya saa 10 jioni. Kumbe kilomita 100 kwa siku si miujiza. Mbebaji wa mkaa wa kwetu hufanya kazi ngumu kuliko hiyo, na hakuna anayempigia makofi.

Siku hizi vijana wengi huidharau baiskeli. Akiuza kahawa yake, hukimbilia pikipiki ya mkopo. Mimi siwalaumu, maana bodaboda ni kazi. Lakini baiskeli haidai petroli.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mwaka jana nilikuwa katika kijiji kimoja cha Mbozi. Tulikuwa tukizungumza juu ya chulebuni ya kahawa. Mkutano ulipokwisha, kijana mmoja aliuliza, "Bwana Shamba, mtu kama mimi anaweza kwenda na wale wa Butiama?" Kabla sijajibu, mama yake alisimama. Akasema, "Malori ya barabara hii yamemaliza watoto wa watu. Wewe unataka kunimalizia wangu?"

Watu walinyamaza. Mama huyo hakuwa na kosa. Ndugu msomaji, usimcheke mama anayeogopa barabara ya Tunduma. Barabara hii inabeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandarini Dar es Salaam. Inarudi na mafuta na mizigo mingine. Malori ni mengi usiku na mchana. Mteremko wa Senjele unaujua. Umesikia habari zake zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Mtoto wako asiende peke yake, na asiende kabla hajajifunza. Tena nikamweleza mambo ninayokueleza wewe sasa.

Lori linapokupita, hufanya mambo mawili. Kwanza upepo wake hukusukuma nje ya barabara. Halafu, likishapita, upepo hukuvuta kulifuata. Wengi hujiandaa kwa ule wa kwanza na kuusahau ule wa pili. Shika usukani kwa mikono yote miwili. Usikaze mabega. Nenda moja kwa moja pembezoni mwa lami, upande wa kushoto. Tena kumbuka kwamba lori lina tela. Kichwa kikishapita, usirudi barabarani upesi. Tela bado linakuja.

Kuna tabia moja mbaya sana. Mtu akichoka mlimani hushika lori kwa nyuma ili livute. Nimeiona tabia hii kwa macho yangu. Dereva hakuoni. Akifunga breki, unagonga chuma. Akikata kona, unaingia chini ya magurudumu. Mwenzako akifanya hivyo katika kundi lenu, mwondoeni katika kundi siku hiyo hiyo. Msimwonee haya.

Kwenye mteremko mkali shuka ukokote. Breki za baiskeli nyingi za kwetu zimechoka. Hata breki za malori hushindwa pale, sembuse za Phoenix. Tena msiendeshe usiku kabisa. Jua likishuka, msafara ulale.

NAMNA YA KWENDA PAMOJA

Kundi lina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba dereva huliona kwa mbali. Mtu mmoja barabarani ni kama nukta. Watu 12 wenye nguo za rangi kali ni jambo la kupunguza mwendo.

Faida ya pili ni upepo. Anayeongoza hukata upepo. Wanaofuata hupata nafuu. Utaona ajabu hiyo siku ya kwanza tu: wewe uliyekuwa unahema, ukikaa nyuma ya mwenzako, unaanza kuzungumza. Kwa hiyo mbadilishane mbele. Kila mmoja aongoze kwa muda mfupi, kisha arudi nyuma akapumzike. Mwenye nguvu aongoze kwa muda mrefu zaidi, wala asijisifu.

Nendeni mstari mmoja. Acheni nafasi kati ya baiskeli na baiskeli. Mkikaribiana sana, mmoja akianguka wote mnaanguka. Wa mbele akiona shimo, apige kelele, "Shimo!" Wa pili arudie, na wa tatu, mpaka mwisho. Wa nyuma akisikia lori, apige kelele, "Lori!" Sauti iende mpaka mbele. Mtu wa nyuma kabisa awe mtu mzima mwenye akili tulivu. Yeye ndiye mwenye pampu, viraka na spana. Hakuna anayebaki nyuma yake.

Kina mama na kina dada, maneno haya ni yenu pia. Katika vijiji vyetu baiskeli huwekwa mikononi mwa wanaume, na mzigo huwekwa kichwani mwa mwanamke. Sijaona sababu ya jambo hilo. Mwanamke anayetembea kilomita 10 na debe la maji ana pumzi ya kutosha. Anachokosa ni baiskeli ya kujifunzia.

MWILI NA BAISKELI

Anza mazoezi mapema, miezi minne kabla. Wiki ya kwanza endesha kilomita 20 siku ya Jumamosi. Ongeza kidogo kidogo mpaka ufike 60, kisha 80. Baada ya hapo fanya jambo muhimu kuliko yote: endesha siku mbili mfululizo, halafu siku tatu. Siku ya kwanza kila mtu ni hodari. Siku ya tatu matako yanauma, magoti yanauma, na hamu imekwisha. Ujue maumivu hayo ukiwa karibu na nyumbani.

Njia ya mazoezi ichagueni vizuri. Kutoka Tunduma, barabara ya Sumbawanga, upande wa Ndalambo, ina malori machache kuliko ile ya Mbeya. Walio karibu na Vwawa na Mlowo wanaweza kupita njia za vijijini mpaka Ndolezi, wakakitazame kile kimondo. Watu hutoka Ulaya kuja kukiona. Sisi tulio jirani wengi hatujakigusa.

Kunywa maji kabla ya kiu. Sisi wa nyanda za juu tumezoea baridi. Huko katikati ya nchi, mwezi Oktoba, jua ni kali sana. Mtu anaweza kumaliza lita 4 au 5 kwa siku moja. Jasho likitoka sana, chumvi nayo hutoka. Tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Asubuhi kula ugali na maharage, au viazi na uji. Njiani kula ndizi. Pombe iache nyumbani.

Habari ya baiskeli nitasema kwa kifupi, maana fundi wa kijijini anaijua kuliko mimi. Tairi ziwe nzima. Spoku zote zikazwe. Mnyororo usiwe umelegea. Gololi zisafishwe na kutiwa grisi. Kiti kiwe juu kiasi kwamba goti karibu linyooke pedali ikiwa chini. Watu wetu wengi hukaa chini mno, ndiyo maana magoti huuma. Breki uzijaribu ukiwa umebeba mzigo.

SHAMBA ATABAKI NALO NANI?

Hapa nasema kama Bwana Shamba. Msafara huweza kuangukia mwezi Oktoba. Kwetu mvua huanza mwezi Novemba. Oktoba ni mwezi wa kutayarisha shamba la mahindi na kusomba samadi. Kahawa nyingi imeshachumwa, lakini mikahawa inangoja kupogolewa. Ukiondoka wiki mbili au tatu bila mpango, utarudi na sifa, na mkeo atakuwa amefanya kazi ya watu wawili. Hilo sikubali.

Kwa hiyo kazi za Oktoba zianze Septemba. Pogolea mikahawa mara tu unapomaliza kuchuma. Samadi isombwe kabla, kwa baiskeli hiyo hiyo. Hayo nayo ni mazoezi. Kinachobaki, wanakikundi wasiosafiri wakifanye kwa ujima. Nao wakisafiri mwaka mwingine, wewe ulime kwao. Mkubaliane mbele ya familia zenu, wake na waume, kabla ya kuchagua nani aende.

FEDHA NA DAFTARI

Safari ina gharama. Kuna nauli ya basi mpaka Dar es Salaam, na nauli ya baiskeli. Kuna chakula, vipuri na malazi. Msingoje mfadhili. Watu 10 wakiweka shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, kwa wiki 40, watakuwa na shilingi 800,000. Huenda zikatosha kupeleka watu wachache tu. Si vibaya. Waende hao wachache, wengine wafanye safari ya mkoani: Tunduma mpaka Vwawa, Vwawa mpaka Ndolezi, kisha nyumbani, kwa siku tatu.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, ulizeni kwa afisa michezo au afisa utamaduni wa wilaya. Yeye awasaidie kuwafikia waandaaji wenyewe. Waandaaji ndio hutangaza tarehe, njia ya mwaka huo, na masharti. Mtu akija kijijini na karatasi akidai kiingilio, asomewe hadharani karatasi yake, tena neno kwa neno. Sasa mnajua kusoma.

Kikundi kiwe na daftari. Awepo mwandishi mmoja, na mwingine wa kumsaidia. Kila jioni ya mazoezi andikeni: tarehe, mahali mlipotoka, mahali mlipofika, kilomita, tairi zilizopasuka, fedha zilizotumika. Ukurasa wa kwanza uachwe kwa majina. Kila mwendeshaji aandike mwenyewe jina lake, kijiji chake, ugonjwa alionao kama anao, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Nyingine aibebe yule anayekaa nyuma kabisa.